Moshi Usimame Mpaka Jioni

Toivola, Michigan
28 Oktoba 1979

Mpwa wangu Irja,

Pokea salamu, wewe na Tilda wetu mdogo, na huyo mumeo Royce pia, kama bado anapokea salamu za watu. Mimi ni mzima, ukitoa goti, meno na jina langu hapa kijijini. Mchungaji amenifukuza kwaya kwa mara ya pili. Kaburi la mama yako nimelifagia majani. Nyasi zimeota miguuni, kichwani hakuna kitu, basi dada yangu bado anafikiri sana hata huko chini.

Barua yako imefika. Kiangazi kizima kimya, halafu mistari mitano, na minne ni ya jiko! Unasema Royce kanunua jiko jipya la kuni lenye thamostati. Unaliwasha alfajiri akienda kukata magogo ng'ambo ya ziwa, na kabla ya adhuhuri limezima. Tena ni lazima liwake mpaka arudi jioni, kwa sababu kutoka kule anaiona dohani yenu na anataka aone moshi. Mstari wa tano unasema mlango wa jiko ulikupiga shavuni.

Tuanze na kuni. Chukua birchi, ule mti wa gome jeupe, iliyopasuliwa zamani, ncha zake ziwe zimepasuka nyufa. Gonga vipande viwili: vikilia kama sahani, vimekauka, vikilia kama viazi, rudisha bandani. Usiyazoe majivu yote, acha godoro la majivu chini, makaa yalale humo. Asubuhi vuta makaa mbele, karibu na mlango, kisha nyuma yake panga magogo manene, yabanane kama walevi kwenye benchi. Pengo ni hewa, na hewa ni mlafi. Fungua thamostati yote mpaka magogo yawe meusi kila upande na yameshika. Ndipo upunguze, kidogo, unywe kahawa, kidogo tena. Ukiukaba moto ghafla utanuna, utatema lami ndani ya dohani, na lami hiyo siku moja itawaka na kukuchoma kitandani.

Thamostati yenyewe si uchawi. Ni koili ya chuma nyuma ya jiko, imefungwa mnyororo unaoshika kidirisha cha hewa. Ikisikia baridi inafungua, ikisikia joto inafunga. Kama mdomo wa mke wa mchungaji, ila huu unafunga.

Sasa swali langu. Jiko la namna hiyo nimeliona dukani Houghton, nimelizunguka kama ng'ombe wa mnada. Mlango wake uko usawa wa goti. Shavu lako lilikuwa linatafuta nini huko chini?

Mjomba wako,
Veikko

*

Karibu na Tower, Minnesota
19 Novemba 1979

Mjomba mpendwa,

Natumaini goti limepoa. Tilda ameota jino la nyuma na analitumia kuning'ata. Theluji imefika dirishani na ziwa limeganda, Royce anavuka kwa pikipiki ya theluji sasa, dakika chache tu yuko huku.

Nimefanya ulivyosema. Moto unafika saa nane mchana. Asante sana. Zimebaki saa tatu mpaka giza, nisaidie hizo.

Habari ya shavu tuiache. Nakuomba usiandike utani juu ya Royce, yeye ndiye anayefungua sanduku la barua. Ukiwa na neno la kwangu peke yangu, mtumie Saima, yule mama anayetuletea mayai. Anasema anakufahamu, na aliposema hivyo alitema mate.

Musti, mbwa wetu, hayupo tena. Alibweka siku isiyofaa.

Wako,
Irja

*

Toivola
30 Novemba 1979

Irja mwanangu,

Barua hii inasafiri chini ya mayai. Ile niliyoweka kwenye posta ya kawaida imejaa baraka na hali ya hewa, mumeo akiisoma atalala kabla ya mstari wa tatu.

Salamu kwa Saima. Mwambie sijasahau. Alikuwa mpishi kwenye kambi yetu ya wakata magogo mwaka 1934, nikamwibia mkate wa iliki, akanikimbiza na kisu cha nyama nikiwa na soksi tu kwenye theluji. Alinikosa kwa upana wa sikio. Mwanamke anayelenga vile usimwache mbali.

Mbwa hafi kwa kubweka. Nimekaa na mstari wako ule jioni mbili. Ngoja nikupe habari ya kambi ileile. Kulikuwa na mkata magogo mmoja, Gust Harju, jitu la kutisha, kila Jumamosi alimpiga mtu mdogo kuliko yeye kwa kujifurahisha. Jumamosi moja akamshika mdogo wangu Reino, akamgongesha kichwa ukutani, ndu, ndu, kama anayebisha hodi mlangoni. Mimi nilikuwa nimeinua kifuniko cha jiko nichochee moto. Nikamzaba nacho mdomoni. Alitema meno matatu ndani ya sufuria ya uji. Uji wenyewe tuliula, watu walikuwa na njaa.

Nakwambia haya ujue mjomba wako ni mtu wa namna gani. Ile ndoano yangu ya kuburutia magogo bado iko ukutani, ncha nimeinoa juzi bila sababu. Sema neno moja tu nije.

Kama hutaki kusema, basi sikiliza habari ya moto. Jiko lenu limeelekeza mgongo upande gani? Kama mgongo wake unatazama mlango wa nje, nimeujua ugonjwa. Upepo unapita chini ya mlango na kuipuliza ile koili. Nyumba ina joto, lakini koili masikini inadhani iko nje uchi, inafungua kidirisha, na kuni zinaliwa kama karamu ya msiba. Viringisha blanketi kuukuu, ziba chini ya mlango, gandamiza. Moto wako utafika jioni.

Mjomba Veikko

*

Tower
27 Desemba 1979

Mjomba,

Heri ya Krismasi iliyopita. Tilda alipata mdoli wa mbao kutoka kwa Saima, kambatiza jina Veikko kwa sababu hana meno.

Naandika kwa mkono wa kushoto, nivumilie.

Ulikuwa umepatia. Mgongo wa jiko unatazama mlango. Niliziba kwa blanketi, nikapanga birchi kavu kabisa, nikapunguza kidogo kidogo. Mjomba, ulikuwa moto mzuri kuliko wote niliopata kuwasha. Ulitambaa polepole kutwa nzima. Tilda alikuwa akicheza amevaa fulana tu. Nilijiona fundi.

Na moto mzuri hautoi moshi. Wewe unajua. Mimi sikufikiri.

Kulikuwa na hali ya hewa laini wiki ile, theluji inayeyuka kidogo. Royce alitazama kutoka kambini akaona dohani tupu. Alivuka ziwa. Nilisikia pikipiki, nikafungua mlango nikiwa natabasamu, nilidhani anakuja kula. Akauliza, "Ulikuwa wapi?" Nikasema, "Nilikuwa hapahapa, gusa jiko uone." Akaligusa. Likamuunguza kiganja. Nilidhani atacheka.

Akasema, "Unajifunza kunificha." Akaushika mkono wangu wa kulia, akauweka kwenye ukingo wa jiko na kuubamizia mlango. Vidole viwili. Safari hii kweli ulikuwa mlango wa jiko.

Sasa nimeanza, acha nimalize. Musti aliuawa na Royce kwa nyuma ya shoka, hapo uani, Tilda akiwa dirishani, kwa sababu mbwa alisimama kati yetu. Shavu lilikuwa ni buti. Betri ya gari anaichomoa kila asubuhi na kwenda nayo kazini. Simu aliing'oa mwezi wa tisa. Moshi anautazama ajue kwamba sijatoka. Na majirani nao, kama desturi ya hapa, kila asubuhi wanatazama dohani za wenzao, wakiona moshi wetu wanasema kwa Irja ni wazima, wanarudi kwenye kahawa yao.

Mimi nataka kuondoka. Binamu yangu Helmi yuko Astoria, Oregon, amesema mlango uko wazi. Saima ana lori. Basi linatoka Duluth saa tisa alasiri. Ninachohitaji ni kutwa moja. Moshi usimame mpaka jioni na mimi nisiwepo chini yake. Akijua mapema atatukuta barabarani, na amekwisha kuniambia atafanya nini, na ataanza na nani. Ataanza na Tilda.

Usije na ndoano. Atakuua. Nifundishe tu moto.

Irja

*

Toivola
8 Januari 1980

(Ya sandukuni)

Wapendwa Royce na Irja,

Bwana awabariki. Nimekuwa mtu mpya, mchungaji anaweza kuthibitisha. Irja, mtunzie mumeo moto, mwanaume aliyetoka kazini akikuta nyumba baridi moyo wake nao hupoa. Royce kijana wangu, ninakuombea kila siku kwa jina, tena kwa sauti. Mimi sisafiri tena, goti limekataa. Tutaonana mbinguni, mmoja wetu akifika.

Veikko

*

Toivola
8 Januari 1980

(Ya chini ya mayai)

Irja,

Leo sina salamu. Nimesoma barua yako nikatoka kwenda bandani, nikapasua kuni mpaka mpini wa shoka ukakatika. Mikono yako ilifuata nilichoandika mimi. Nilijigamba na moto usio na moshi kama jogoo juu ya samadi, sikuuliza moshi ni wa nini. Basi. Nitajilaani barabarani, njia ni ndefu.

Sikiliza. Ngoja baridi kali. Si baridi ya kulalamika, baridi ya arobaini chini ya sifuri, ile ukitema mate yanalia kabla hayajafika chini. Siku ya namna hiyo hata moto safi unatoa pumzi nyeupe, inapanda wima kutoka kwenye dohani na kusimama kama nguzo. Nguzo hiyo itaonekana maili tatu. Hatajua kama ni moshi au mvuke.

Panga birchi kavu kama kawaida. Nyuma kabisa, juu, weka magogo mawili manene ya mpopla, mti laini wa majimaji, yakiwa mabichi. Hayo yatashika mwisho, mchana umekwenda, na yatatoa moshi mchafu wa kumfurahisha. Ziba mlango kwa blanketi kwa nje ukiondoka.

Mimi nitakuwa kwa Saima kuanzia mwisho wa mwezi, nimejificha kwenye sauna yake, kile kibanda cha kuogea mvuke. Ameandika kwamba kisu bado anacho. Asubuhi ya baridi ile, Royce akishavuka ziwa, tutakuja kwa njia ya nyuma, nami nitawaendesha mpaka Duluth mwenyewe.

Na ndoano naichukua. Wewe umekataza nisije nayo. Hukukataza isije na mimi.

Mjomba

*

Hospitali, Duluth
16 Februari 1980

Irja, fundi wangu wa moto,

Salamu kwako, kwa Tilda na kwa huyo mdoli wajina wangu. Telegramu ya Helmi imefika, najua mmefika salama. Nimelia kidogo, nesi akadhani ni bega, akanipa sindano. Sikumkatalia.

Unadai maelezo. Kwa nini nilikuahidi kuendesha, halafu pale njia ya nyuma nikampa Saima usukani na kuruka nje ya lori kama mwizi. Nitakueleza. Ulipanga moto vizuri kabisa. Lakini tulifungua ule mlango mara tatu, ya mtoto, ya mabegi, na ya mdoli aliyesahauliwa, na kila mara baridi iliingia kama ng'ombe zizini. Nikaitazama koili. Ilikuwa imefungua mdomo wote, na zile birchi zako zinanguruma. Nikajua moto ule unajila, saa nane umekwisha, na basi lenu lilikuwa bado. Ningekwambia ungekataa. Basi nikarudi kwa miguu.

Nilikuwa na siku nzuri. Nilizima pupa ya jiko kwa kufunga kidirisha, nikaongeza birchi, nikakalia kiti cha Royce, nikanywa kahawa yake kwenye kisosi, kipande cha sukari kati ya fizi. Niliongeza mpopla kila ilipofaa. Nilitoka nje kutazama: moshi umesimama wima, mweupe, unafika mbinguni. Sijawahi kuona moshi muongo mzuri namna ile. Ng'ambo ya ziwa msumeno ulikuwa ukiendelea kulia, kwa hiyo nilijua ameridhika.

Alirudi jua linagusa miti. Akasukuma mlango, akanikuta.

"Wewe nani?"

"Mtu mpya," nikasema. "Hukupata barua yangu?"

"Irja yuko wapi?"

"Moshi umeuona?"

"Nimeuona."

"Basi si yuko nyumbani? Mtafute."

Akatafuta. Alivunja mlango wa chumba ambao haukufungwa, akapindua kitanda cha Tilda. Akatoka uso umekuwa mwekundu. "Mzee, nitakuvunja kila mfupa mpaka uniambie."

"Anza na goti hili," nikamwambia, "lenyewe limeharibika tayari."

Hakuanza na goti. Alianza na mbavu, kwa buti, nadhani ni lile buti unalolijua. Nilisikia zinakatika ndani yangu kama vijiti vya kuwashia. Nikaanguka karibu na jiko, na Irja, umri wote huu mkono wangu ulikuwa bado unakumbuka ulipo mlango wa jiko. Nikaufungua. Beleshi la majivu lilikuwa hapo. Nikachota makaa, nikamrushia yote kifuani na shingoni.

Alipiga kelele ambayo sijaisikia tangu siku ya Gust Harju. Akarudi nyuma akijipapasa, akaliangukia bomba la moshi. Bomba likachomoka. Sasa moto ukaona njia mbili. Kumbuka zile wiki za mwanzo, ulipokuwa ukiukaba moto ukiwa na kuni mbichi. Lami yake yote ilikuwa imeganda kwenye dohani ikisubiri. Ikawaka. Iliunguruma kama treni la madini linapita ndani ya ukuta. Dari ikashika.

Ningeweza kumwacha. Nisikudanganye, nilifika mlangoni nikiwa natambaa, nikafikiri jambo hilo muda wa kutosha. Alikuwa amelala sakafuni kafunikwa na moshi, anakohoa, anaita mama yake. Ndoano yangu ilikuwa nyuma ya mlango. Nikaipitisha kwenye kola ya koti lake, ncha ikaenda na nyama kidogo, nikamburuta kama gogo, kinyumenyume, mpaka kwenye barafu ya ziwa. Si kwa upendo. Nilimgeuza uso utazame nyumba. Nikamwambia, "Ulitaka moshi. Huo hapo. Tazama mpaka ushibe."

Nikakaa juu ya theluji, sikuweza kusimama. Yeye akaweza. Alikwenda mpaka rundo la kuni, akarudi na shoka. Mimi nikainua mkono tu. Pigo la kwanza liliingia begani, la pili aliliinua juu ya kichwa changu.

Sasa ile desturi yenu ya kutazama moshi. Moshi wa nyumba inayoungua hauonekani kama wa kahawa. Ziwa lote lilikuwa limetoka: wale akina Maki, wale ndugu wawili wa bandari ya boti, wanawake na ndoo. Wakafika barafuni wakaona wewe hupo, na jirani yao mwema amesimama juu ya mzee na shoka linalodondoka damu. Hakuna aliyesema ni wazima. Walimwangusha watu sita. Mke wa Maki alimpiga ndoo ya usoni, tupu, halafu akamrudia nayo ikiwa na maji.

Saima aliporudi kutoka Duluth alisimama mbele ya sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, na wote wale akawasimulia. Kidole kwa kidole. Mpaka mbwa. Anasema watu walitazama chini kwenye theluji, muda mrefu, na hakuna aliyekwenda kunywa kahawa.

Royce amelazwa ghorofa ya juu yangu, pingu imefungwa kwenye chuma cha kitanda. Sherifu anasema akitoka hapo anakwenda jela, kwa shoka lile, na kesi yako itafuata ukitaka kusema. Usiku namsikia anagonga ile pingu. Mimi nagonga bomba kwa fimbo yangu, asijione peke yake.

Bega halitapona sawasawa. Kwaya wamesema nirudi. Nimekataa, wanaimba vibaya.

Nyumba imekwisha yote. Jiko limesimama peke yake katikati ya majivu, na Saima anasema koili inafanya kazi bado: wamekwenda kuitazama asubuhi ya baridi, kidirisha kiko wazi.

Mjomba wako,
Veikko

*

Astoria, Oregon
10 Machi 1980

Mjomba wangu mpendwa,

Salamu kutoka kwenye mvua. Hapa hakugandi kitu. Tilda analala usiku mzima sasa, mara nyingi. Vidole vimeunga vibaya, lakini nimepata kazi ya kufungasha samaki na vinatosha. Nimemwandikia sherifu. Nitasema yote mahakamani, na mkono wangu nitakuja nao.

Binamu Helmi ana jiko la kuni la zamani, halina thamostati, kidirisha unakivuta kwa mkono. Kila alfajiri nimekuwa nikilipanga kama ulivyonifundisha, nikilisikiliza kutwa. Helmi ananicheka, anasema, "Wewe, joto lenyewe hatulihitaji, huo moto unamlindia nani?"

Jumapili alikwenda kanisani na Tilda. Nikawasha moto, halafu nikauacha uzime kusudi. Nikakaa kwenye kiti nikitazama mlango. Jiko likapoa, lile bati likaanza kulia tik, tik. Nyumba ikapoa. Nikavaa koti, nikakaa. Nje hapakuwa na pikipiki. Hakuna aliyekuja.

Nilipochoka na baridi, nikainuka nikawasha mwingine. Mdogo tu, wa kahawa.

Irja